Keki ya chokoleti isikauke: hatimaye nimepata dawa

Hii ni kwa wanaohangaika na keki ya chokoleti inayotoka kwenye oveni laini, kesho yake ukiikata inamomonyoka na kukwama kooni. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, hasa pembeni.

Niliongeza maziwa, ikadidimia katikati. Nikaiweka kwenye friji, ikazidi kuwa ngumu. Baridi ile huharakisha wanga wa unga kukakamaa. Keki isiyo na krimu ya kuharibika bora ikae nje, imefunikwa.

Kilichosaidia kilianzia kwenye bakuli. Siagi niliibadilisha kwa mafuta ya kupikia, maana siagi huganda keki ikipoa, mafuta hayagandi. Unga wa kokoa nao hunywa maji vibaya sana, kwa hiyo naukoroga kwanza na maji ya moto hadi uwe uji mzito. Naepua keki pale kijiti ninachochoma katikati kikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu. Sisubiri kitoke kikavu kabisa.

Halafu shira: sukari na maji kiasi sawa, vichemke tu hadi sukari iyeyuke. Napaka kwa brashi keki ingali ya moto, pembeni narudia.

Siri yenyewe iko kwenye kufunga. Naifunga kwa plastiki ikiwa vuguvugu, yaani kiganja kikigusa juu kinahisi joto dogo tu. Ikiwa ya moto, mvuke hugeuka matone na ngozi ya juu inanata; ikipoa kabisa, unyevu mwingi umeshatoroka. Sasa kisu kinapita bila kumwaga chenga, hata siku zikipita.