Unguja na Pemba: jirani wasiofanana

Mtu akisema "nakwenda Zanzibar", mara nyingi anamaanisha Unguja, na ndani ya Unguja anamaanisha Mji Mkongwe, Nungwi na Paje. Pemba huachiwa siku ya mwisho, "tukipata nafasi". Ratiba nyingi huharibikia hapo, kwa sababu Pemba si kipande cha Unguja kilichosogea kaskazini. Hata chini ya maji havifanani.

Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 50 kwenda chini. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Pemba imetengwa na mfereji wenye kina cha zaidi ya mita 700, na maji yaliposhuka yenyewe ilibaki kisiwa. Tofauti hiyo unaiona kwa macho. Unguja ina kima punju, jamaa wa mbega wa bara, ambao huonekana kwa urahisi kwenye msitu wa Jozani. Pemba haikuwa nao kabisa, na walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970. Pemba ina popo wake mkubwa, mabawa yake yakitanda hufika mita 1.6, na jamaa zake wa karibu wako Komoro na Madagaska, bara hawapo. Nenda Kidike jioni, saa kumi na moja hivi, wanapoanza kujinyoosha na kugombania matawi kabla ya kuruka. Ukienda saa sita mchana utaona vifurushi vyeusi vimening'inia, basi.

Juu ya ardhi ni hivyo hivyo. Unguja ina kilomita za mraba 1,660 hivi, na karibu yote ni tambarare. Upande wa magharibi una udongo mzito, minazi na mashamba ya viungo. Mashariki na kusini ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale, udongo ukipatikana kwenye mashimo ya mawe tu. Watu wa huko wakaelekea baharini, kwenye uvuvi na mwani, na hoteli zikafuata mchanga. Pemba ni ndogo zaidi, kilomita za mraba 988, lakini imejaa vilima vifupi vyenye miteremko mikali, mpunga mabondeni na karafuu juu. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, na hawakutia chumvi. Pwani yake imekatwakatwa na ghuba zenye mikoko, kwa hiyo fukwe ndefu za mchanga ni chache. Vumawimbi, kule kaskazini, ndiyo inayostahili safari. Anayetaka kutoka kitandani na kukanyaga mchanga abaki Unguja, hakuna aibu.

Karafuu zina habari yao. Zamani Unguja ilikuwa na mikarafuu mingi sana. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa sehemu kubwa, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba kuu. Msimu wa mavuno, harufu inakupokea kabla hujaona mti. Vishada huchumwa matumba yakiwa bado hayajafunguka, kwa sababu ua likishachanua karafuu imeharibika. Nyumbani vinachambuliwa kwa mkono, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, kisha zinaanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa hadi ziwe za hudhurungi na zivunjike zikikunjwa. Mvua ikianza utaona kijiji kizima kikikimbilia majamvi. Usiyakanyage, na usinunue magunia kwa mkulima hata kwa bei nzuri: karafuu huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na kuzitorosha ni kosa. Mafuta ya makonyo na pakiti za dukani hazina tatizo.

Sasa bahari, maana ndiyo inayowaponza wageni wengi. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Siku hizo maji hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa tofauti ndogo. Ukijua tarehe ya mwezi, unaweza kupanga siku nzima bila simu.

Hili lina uzito zaidi Paje, Bwejuu na Jambiani. Maji ya bamvua yakipwa, bahari inakimbia kilomita moja hivi hadi kwenye mwamba, na anayetaka kuogelea anabaki na matope na madimbwi. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo. Kutembea hadi mwambani ni raha, ila angalia saa. Maji hujaa kwa muda wa saa sita, lakini si kwa mwendo mmoja: karibu nusu yake huingia katika saa ya tatu na ya nne. Tena hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, karibu na ufukwe, wewe ukiwa bado umesimama pakavu. Anza kurudi yanapoanza tu kugeuka. Vaa viatu vya kulowana, kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Na ukiona safu za vijiti vilivyofungwa kamba, hilo ni shamba la mwani la mtu, mara nyingi mama. Pita pembeni.

Kuvuka kwenda Pemba kwa boti kunategemea upepo. Kuanzia bandari ya Malindi, mjini Unguja, pwani ya magharibi inakukinga. Ukipita Ras Nungwi, kinga imekwisha na mawimbi ya bahari kuu yanakupiga ubavuni. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kupanda, kaa chini, katikati, kuelekea nyuma. Katika mkondo huo ndimo ilimozama meli ya Spice Islander I, mwezi Septemba 2011, ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Chombo kikijaa hadi watu wanakaa kwenye ngazi, shuka. Safari si za kila siku, na tiketi inayosema 07:00 ni saa moja asubuhi. Maleleji, kati ya kusi na kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo bahari tulivu na maji maangavu kwa wazamiaji. Ndege ndogo huchukua nusu saa hivi, lakini mzigo ni kilo 15 tu, begi laini.

Watu nao si wamoja. Unguja kusini wako Wahadimu, Makunduchi wakiwa na lahaja yao ya Kikae na sikukuu yao ya Mwaka Kogwa kila Julai. Kaskazini kuna Watumbatu, mabaharia tangu jadi. Mjini wamechanganyika wote, Wangazija, Waarabu na Wahindi. Mpemba unamjua tayari, kama si kwao basi dukani kwake Kariakoo. Kule kwao ni mpole lakini hapendi kupitwa bila salamu: mkubwa mpe shikamoo, barazani anza na Asalamu alaykumu, kisha ndipo uulize njia. Nguo za ufukweni ziishie ufukweni, na mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana. Ukitaka kulala kijijini, mwenyeji wako akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo.

Raia wa kigeni, tangu Oktoba 1, 2024, hulipia bima ya lazima dola 44 kabla ya kuingia. Mtanzania abebe kitambulisho, kinaulizwa bandarini.

Chukua fedha taslimu za kutosha ukiwa Chake Chake, mji mkuu wa Pemba, kwa maana ukielekea Konde na Makangale, kule kaskazini, huna uhakika wa mashine. Gari za shamba, yaani daladala za vijijini, hupungua jioni. Bandari ya Mkoani iko kusini na Ngezi iko kaskazini kabisa, kwa hiyo anayeshuka kwenye boti mchana asidhani ataona msitu siku hiyo hiyo. Alale Chake, aondoke alfajiri, na awe amerudi Konde kabla ya saa kumi.