Siku moja na mteja wa sentimita 29

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Karume, soko la mitumba. Natafuta koti zito la baridi. Kwa jua hili la Dar nani atalivaa? Ndiyo maana napewa kwa buku mbili. Koti lenyewe silitaki, nataka bitana ya ndani: nyepesi, inateleza, rangi ya damu ya mzee.

Saa mbili nafungua fremu. Mteja wangu, anayesubiri gauni la bitana hiyo, kakaa kwenye meza ya cherehani: mdoli Barbie wa mama mmoja wa Upanga, aliyemtunza tangu utotoni. Mwilini kapigwa chapa ya mwaka 1966 na kwamba katengenezwa Japani. Mwaka huo pekee usikudanganye, maana chapa hiyo iliendelea kutumika kwa midoli ya miaka mingi baadaye. Hiyo Japani ndiyo inayoonyesha kuwa ni wa zamani kweli.

Hadi saa sita ni sare za shule. Ndizo zinazolipa kodi.

Saa sita nafua bitana kwa maji ya moto, kisha naipiga pasi ikiwa mbichi juu ya kitambaa cheupe. Kikipata doa, siitumii. Rangi nyekundu ikishaingia kwenye plastiki ya mdoli, utasugua mpaka uchoke.

Saa nane mama anaingia na kipande cha kitenge. "Fundi, si umshonee hiki tu?"

"Mama, huyu ni kama sehemu moja ya sita ya mtu. Ua la sentimita 10 kwake ni sawa na la sentimita 60 kwako."

Akacheka, akakaa kwenye benchi. Ukweli ni kwamba kushona si kazi ngumu kama kuchagua kitambaa. Kitenge kizito hakilali mwilini mwa mdoli, kinasimama kama hema. Leso ya mfukoni au shati la pamba lililochakaa ndiyo mali, tena unakata sketi kwenye pindo lake la zamani, huhitaji kukunja upya.

Saa tisa nakaa kwenye cherehani. Sindano namba 9, mshono mfupi. Mikono naiunga kwanza gauni likiwa bado bapa, ubavu nafunga mwisho. Tundu la kwapa ni dogo, mguu wa cherehani haupiti humo. Mgongo nauacha wazi mpaka chini ya kiuno, nitie vifungo vya kubonyeza.

Saa kumi na moja tunamvisha. Vidole vyake vinanasa kwenye uzi, basi kiganja nakivisha kwanza nailoni ya mkate, mkono unapita wenyewe.

Elfu nane, mama akalipa bila kubishana. Akauliza kama soksi ya mjukuu iliyopoteza mwenzake inaweza kuwa sweta. Inaweza. Ule mdomo unaovutika ndio utakuwa kola.