Mildenberg, ambako moto ulitembea

Asikudanganye mtu kwamba Ujerumani hakuna taabu ya usafiri. Treni kutoka Berlin ilinishusha Zehdenick kwa wakati, lakini basi la kunifikisha kwenye makumbusho ya matofali ya Mildenberg, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, sikuliona. Nikakanyaga lami kwenye jua, baiskeli zikinipita. Kufika, kiingilio. Na soda moja kwa bei ambayo Ifakara ningekula wali kuku nikarudishiwa chenji.

Makumbusho yenyewe ni kiwanda cha zamani cha matofali. Udongo wa mfinyanzi ulionekana huku mwaka 1887 wakati wa kujenga reli. Berlin ilikuwa ikipanuka kwa kasi, hivyo matofali yakawa yanapakiwa kwenye mashua na kushushwa huko kwa mto Havel. Mashine na vireli nilivipita haraka. Kilichonishika ni tanuru.

Unaingia ndani kwa miguu, wima! Ni handaki refu lililozunguka hadi likajiunga, lina milango ubavuni na vitundu darini. Ni tanuru la aina aliyoibuni Mjerumani Friedrich Hoffmann, hataza yake (haki ya uvumbuzi) ya mwaka 1858. Makaa ya mawe yalidondoshwa kupitia vile vitundu, na moto ukasogea mbele kidogo kidogo. Hewa ilipita kwanza kwenye matofali yaliyoiva, ikayapoza huku yenyewe ikipata joto. Moshi nao ukayapasha mabichi yaliyosubiri mbele. Huku wanatoa, kule wanapanga, na moto hauzimwi kwa miezi.

Mzee mmoja, mgeni kama mimi, aliyesema aliwahi kubeba matofali enzi za Ujerumani Mashariki, akaniuliza matanuru ya kwetu yakoje. Nikamwambia matofali yenyewe ndiyo tanuru. Mjomba wangu akishafyatua na kuanika, huyapanga yakawa kilima, akaacha matundu ya kusukumia magogo, akasiliba tope kwa nje, akawasha. Yakiiva anabomoa, anauza tanuru zima. Mzee alicheka hadi akashika ukuta.

Joto jingi linapotelea hewani, najua, na magogo kila mwaka yanapanda bei. Lakini tanuru la Hoffmann linataka wanunuzi wasiokatika, na mjomba huchoma akipata mwenye kujenga.

“Na mvua ikinyesha kabla hajawasha?” akauliza mzee.

“Hapo, mzee wangu, anaanza tena kufyatua. Na mteja ameshatoa nusu ya hela.”