Saladi yenye kromosomu 27

Mvua za Januari zikikolea hapa Uyole, Mbeya, ubwiri unyoya, ugonjwa wa majani, huimaliza saladi ikiwa bado changa. Ndiyo maana nilitaka kuichavusha saladi yetu, Lactuca sativa, na ndugu yake wa porini, Lactuca saligna, ambaye huuhimili ugonjwa huo. Wote wawili wana kromosomu 18, yaani nyuzi 18 za urithi katika kila seli.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi. Kijiua cha saladi hufunguka mara moja tu katika maisha yake, na stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, hupanda ndani ya bomba la chavua, ikatoka tayari imejipaka chavua yake yenyewe. Basi nilikuwa naviosha vijiua vya saligna kwa chupa ya kupulizia maji, nangoja vikauke, kisha navigusisha ua la saladi nyekundu. Baba mwekundu nilimchagua makusudi: wekundu hutawala, hivyo mche wa kijani mtupu kwenye trei umetokana na ua lililojichavusha lenyewe, na nikiuona naung'oa.

Kati ya machotara wekundu, mmoja ulikuwa na majani mazito kuliko wenzake na maua makubwa. Nilibandua ngozi ya jani nikaitazama kwa hadubini: stomata zake, vitundu vya jani vya kupitisha hewa, zilikuwa kubwa na zimeachana. Chavua nayo haikulingana, punje nyingine nene, nyingine makapi. Hapo nikahisi triploidi, yaani mmea wenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili.

Kuhisi hakutoshi. Nilikata machipukizi ya pembeni nikayaotesha kwenye mchanga wenye unyevu, kwa sababu mbili: mmea usipotee, na nipate ncha changa za mizizi. Nikaziweka kwenye maji ya barafu, nikazihifadhi kwenye alkoholi na asidi asetiki, nikazilainisha kwa asidi ya chumvi, nikatia rangi na kuzibonyeza chini ya kioo. Mzee wa maabara alichungulia, akaniambia, "Mwanangu, hesabu tena kwenye seli nyingine." Kila seli iliyotawanyika vizuri ilinipa 27.

Sikutumia kolchisini, dawa ya kuongeza seti za kromosomu, wala dawa nyingine yoyote. Mzazi mmoja alitoa gameti, yaani seli ya uzazi, ambayo haikupunguza kromosomu zake kuwa nusu kama kawaida, 18 zikakutana na 9. Baridi inajulikana kuvuruga mgawanyo huo, na maua yale yalikomaa Juni, wakati usiku wa Mbeya unauma kwelikweli, kwa hiyo mimi naishuku baridi.

Ndizi za Rungwe nyingi ni triploidi pia, zina kromosomu 33, na kukosa mbegu hakumsumbui mkulima kwa kuwa anapanda machipukizi. Saladi hupandwa kwa mbegu kila msimu, na seti tatu haziwezi kugawanyika sawasawa, ndiyo maana vichwa vya maua vya mmea wangu karibu vyote vimejaa mapepe. Hata hivyo nimekuwa nikiuchavusha kwa chavua ya saladi ya kawaida, na mbegu chache zimejaa. Nimezipanda. Miche ikitoa mizizi nitahesabu kromosomu zake, kisha iliyo karibu na 18 nitaipeleka kwenye ubwiri.