Kuta ndefu, taa kali na hofu ya usiku

Hofu ya kuibiwa na wizi wenyewe ni mambo mawili. Mtu hupita uchochoro mwembamba wa Mji wa Kale, Mombasa, moyo umetulia, kisha akifika njia pana ya Nyali, mtaa mwingine wa Mombasa, yenye kuta ndefu pande zote, anaharakisha. Tofauti ni baraza za mbele ya nyumba. Mji wa Kale kuna wazee waliokaa nje, muuza kahawa na dele lake, madirisha yanayofungukia njiani. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, alilieleza hilo mwaka 1961: macho ya watu ndiyo ulinzi wa mtaa. Ukuta mrefu humkinga mwenye nyumba, lakini mwizi akisharuka ndani humkinga yeye pia, na mpita njia hana wa kumwona.

Kosa linaloniuma zaidi ni taa. Watu hufunga moja kali getini, imeelekezwa barabarani. Mwanga hupiga machoni, mboni hubana, kiza cha kando kikazidi. Na jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu. Heri taa tatu za wastani, zilizofunikwa juu na kutazama chini, mwanga wa moja ukigusana na wa nyingine. Pima hivi: mtu akiwa mita 10 mbele yako, uso wake utambulike. Usipotambulika, sogeza taa kabla ya kununua yenye nguvu zaidi.

Ua wa michongoma usizidi mita 1, na matawi ya mwarobaini yaanzie mita 2, ili pasiwe na pa kujificha.