Kinnick, Novemba 2023: timu iliyoshinda bila kufunga

Tulitoka Chicago alfajiri, Jumamosi ya tarehe 18 Novemba, kwenda uwanja wa Kinnick, mimi na mfanyakazi mwenzangu ambaye baba yake alisoma Chuo Kikuu cha Iowa na kumwachia ushabiki wa Hawkeyes, timu ya chuo hicho ya futiboli ya Kimarekani, jinsi sisi tunavyoachiwa Simba au Yanga. Ukivuka mto Mississippi umeshaingia Iowa, na kutoka hapo ni mashamba ya mahindi kushoto na kulia, yote yamevunwa, yamebaki mabua.

Njiani alinifunza mchezo. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa nyingine nne. Ikikwama mara tatu, kwa kawaida anaitwa mpiga teke aupeleke mpira mbali, ili wapinzani waanzie huko kwao nyuma. Kwa timu nyingi huo ndio muda wa mashabiki kwenda kununua soda. Kwa Iowa ya msimu ule, ndiyo ilikuwa burudani yenyewe.

Maana safu yao ya ushambuliaji ilikuwa msiba. Kotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Cade McNamara, aliumia goti mwisho wa Septemba, akaingia Deacon Hill, na kuanzia hapo kila yadi ilitafutwa kwa jasho. Penn State walikuwa wameshawachapa 31-0. Lakini angalia mechi zilizofuata: Wisconsin 15-6, Northwestern 10-7, Rutgers 22-0. Zote wameshinda. Minnesota pekee ndio waliowashinda, 12-10, tena baada ya Cooper DeJean wa Iowa kurudisha mpira hadi mwisho wa uwanja na waamuzi kulifuta bao kwa madai kwamba alipunga mkono kuashiria hataukimbiza. Mwenzangu alilieleza tukio lile kwa uchungu kuanzia mtoni hadi tulipotoka barabara kuu. Wenye mikeka nao walikuwa wameshaijua timu: kampuni za kubashiri zilikuwa zikishusha idadi ya pointi zinazotarajiwa hadi viwango ambavyo mchezo huu haukuwahi kuviona, na bado mechi ziliishia chini yake.

Halafu kuna habari ya baba na mwana. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yuko pale tangu 1999. Kocha wa ushambuliaji alikuwa mwanawe, Brian. Kwa kuwa sheria haimruhusu baba kuwa bosi wa mwanawe, Brian aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Mapema 2023 mkataba wake ukaandikwa upya: timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi na ishinde mechi zisizopungua 7. Mechi saba zilikuwa kitu kidogo. Zile 25 zilikuwa ndoto, na tarehe 30 Oktoba, msimu haujaisha, chuo kikatangaza kwamba Brian ataondoka ukimalizika. Kwa hiyo tunakwenda kuangalia timu iliyoshinda mechi nane kati ya kumi ikicheza na Illinois, na kocha wa ushambuliaji ameshaambiwa afungashe.

Iowa City tulifikia kwa rafiki yangu Mkongo wa Uvira. Mji huu na jirani yake Coralville vina Wakongo wengi, na Kiswahili utakisikia dukani bila kukitafuta. Alitupa chai na mandazi, akacheka tulipomwambia bei ya tiketi. Yeye hufanya usafi katika hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara tu kutoka uwanjani, na mechi huziona kupitia dirishani. “Yaya,” akaniambia, jinsi Wakongo wanavyomwita mkubwa wao, “robo ya kwanza ikiisha, usiangalie mupira. Angalia juu.”

Barabara ya Melrose ilikuwa imejaa moshi wa nyama. Watu wameegesha magari tangu asubuhi, wanachoma, wanakunywa, wazee wazima wamevaa ovaroli za mistari myeusi na ya dhahabu. Nilinunua paja la bata mzinga, likanishinda nusu. Fulana niliyoiona zaidi ya zote ilikuwa ya kumsifu mpiga teke, yenye maneno yanayosema kwamba kuupiga mpira mbali ndiko kushinda.

Uwanja wa Kinnick unaingiza watu zaidi ya 69,000, na umepewa jina la Nile Kinnick, aliyetwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1939 na kufa 1943 katika ajali ya ndege akiwa mafunzoni jeshini. Vyumba vya kubadilishia nguo vya timu pinzani vimepakwa rangi ya waridi, ubunifu wa kocha wa zamani Hayden Fry aliyetaka kuwavuruga akili wapinzani.

Robo ya kwanza ikaisha. Uwanja mzima, wachezaji, waamuzi na wageni wa Illinois wakiwemo, ukageukia jengo la hospitali na kuanza kupunga mikono. Kule juu kwenye vioo niliona vichwa vidogo, mmoja amebebwa, na mikono inayojibu. Mtoto mmoja alikuwa anapunga kitu cheupe, labda taulo. Desturi hii ilianza Septemba 2017, wazo la shabiki mmoja mtandaoni. Jamaa aliyekuwa mbele yangu, aliyekuwa akimtukana mwamuzi dakika mbili kabla, alikuwa anafuta macho.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu kutazama, na mimi niliipenda. Aliyekua akitazama timu zikipaki basi hashangazwi na Iowa kuwa nyuma 9-13. Tory Taylor, mpiga teke wao, kijana wa Melbourne aliyefika Iowa mwaka 2020, alikuwa akiingia, anapiga, mpira unapaa mno halafu unaanguka karibu na mstari wa mwisho wa wapinzani, na uwanja unasimama kushangilia. Ulinzi wa kocha Phil Parker ukamaliza kazi. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tano, Kaleb Johnson wa Iowa akachoropoka yadi 30 hadi mwisho: 15-13. Ubingwa wa kundi la Magharibi la ligi yao, Big Ten, ukawa wao, mwaka wa mwisho wa kundi hilo kuwepo.

Usiku rafiki yangu alinipigia kuuliza kama niliangalia juu. “Siye tuko huku ndani,” akasema, “batu bote banageuka kutuangalia, mwili inasisimuka.”

Wiki iliyofuata wakaifunga Nebraska 13-10 kwa teke la sekunde za mwisho. Kisha Michigan ikawapiga 26-0 Indianapolis, na Tennessee 35-0 Orlando siku ya Mwaka Mpya. Ushindi 10, vipigo 4, wastani wa pointi 15.4. Taylor aliondoka na tuzo ya mpiga teke bora na rekodi ya yadi 4,479 kwa msimu mmoja.

Aprili 2024 Chicago Bears, timu ya kulipwa, wakamchagua raundi ya nne katika kugawana wachezaji wa vyuo. Ofisini watu walinuna: nafasi nzima kwa mpiga teke! Caleb Williams, kotabeki mpya aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, alimtumia ujumbe kwamba huku hatakuwa na kazi nyingi. Bears wakamaliza msimu na ushindi 5 na vipigo 12, na Taylor kazi aliipata tele.