Nimerudi Waipu, milango imefungwa

Tuliokulia Waipu, kijiji cha New Zealand kaskazini mwa Auckland, nisikilizeni kabla hamjakata tiketi. Ile Waipu mnayowasimulia watoto, ya kupiga hodi ukiwa umeshaingia jikoni kwa jirani, haipo.

Michezo ya Kiskoti ya tarehe 1 Januari ipo, magogo yanarushwa na zumari zinalia kama ilivyokuwa tangu 1871. Mnara wenye simba juu nao upo. Hayo tuyaache.

Kilichonivuruga ni nyumba za Waipu Cove, kule ufukweni. Nilipita huko jioni moja ya Juni, baridi kali, giza limeshaingia. Nyumba kubwa za vioo, moja baada ya nyingine, na ndani hakuna mtu. Mlangoni, pale zilipokuwa zinatupwa ndala zenye mchanga, kuna kisanduku cha chuma chenye namba za kubonyeza. Ndani umo ufunguo wa mgeni wa wikendi. Nyasi zimekatwa vizuri, kuna kijana analipwa kwa hiyo kazi. Taa ya baraza moja ikawaka, nikasimama nisalimie. Kumbe ni zile zinazojiwasha mtu akipita! Nilicheka peke yangu. Ya tatu ilipowaka, kicheko kilikuwa kimeniisha.

Na mnajua Waskoti walioanzisha Waipu walikuja hapa kwa nini. Mchungaji Norman McLeod aliondoka Uskoti 1817, akakaa Nova Scotia, Kanada, na waumini wake hadi viazi vikaoza mashambani na njaa ikaingia. 1851 wakaanza kuhamia Australia. Huko hawakupata ardhi ya kuwatosha wote mahali pamoja, wakavuka tena mpaka hapa. Merikebu sita, watu zaidi ya 800, safari yote hiyo ili wasitawanyike. Mzee alikuwa mkali kupita kiasi, lakini hilo alilifanikisha. Leo rafiki yangu wa shule, ambaye babu zake walishuka kwenye merikebu hizo, amepanga mjini Whangārei kwa sababu kodi ya huku haiwezi. Sasa mimi niliyeletwa na mama muuguzi kutoka Mombasa nitamlalamikia nani?

Mkija, njooni Julai, muione ilivyo bila wageni. Mkitafuta nyumba ya kupanga, msipoteze muda na matangazo ya ufukweni. Ulizeni dukani kijijini, na muwe na akiba. Na pale mlangoni mwa mto msikanyage ndani ya kamba: hapo hutaga tara iti, ndege waliobaki chini ya 50. Wao angalau wamezungushiwa kamba ili mtu asiwafukuze kwao.

Mimi nimepata chumba Whangārei, nusu saa kwa gari. Januari mkija kwenye michezo nitawapokea uwanjani, ila pa kuwalaza sina.